Bima ya mkopo: kabla ya kudai pesa, dai makaratasi

Ukitia saini mkopo wa laki tatu, aghalabu hazikufiki laki tatu kamili. Kuna ada ya kushughulikia mkopo, kuna ushuru juu ya ada hiyo, na mara nyingi kuna mstari mmoja mdogo ulioandikwa bima. Wengi wetu twauona mstari huo siku pesa zinapoingia, tukanung'unika kidogo, kisha tukaenda zetu kwenye shughuli iliyotufanya tukope. Makala haya yahusu mstari huo: ni bima ya nini, ni lini mtu ana haki ya kuuliza, na zaidi ya yote, vipi atapata kumbukumbu zake kutoka kwa mkopeshaji. Bila kumbukumbu, dai lolote ni maneno ya barazani tu.

Nitaanzia Uingereza, ingawa najua wasomaji wangu wengi wako Kisauni, Likoni, Malindi na Lamu. Kule ndiko kesi hii ilikofika mwisho wake, benki zikarudisha pesa kwa kiasi ambacho mtu hakiamini mpaka akisome mara mbili. Na pia tuna ndugu zetu kule waliokopa miaka hiyo, wengine hadi leo huniuliza kama bado wana chao.

Bima yenyewe kule ilijulikana kwa kifupi PPI. Kwenye karatasi ilikuwa kitu kizuri. Ukiugua, ukipata ajali au ukiachishwa kazi, bima yakulipia rejesho la mwezi kwa muda fulani, na baadhi yake zilimaliza deni ukifariki. Iliuzwa pamoja na mikopo ya kawaida, kadi za mkopo na mikopo ya nyumba. Mamlaka ya kule inayosimamia mwenendo wa taasisi za fedha, FCA, inakadiria kwamba ziliuzwa bima zipatazo milioni 64, nyingi yazo kati ya mwaka 1990 na 2010.

Ubaya ulikuwa katika kuuza. Mtu aliyejiajiri aliuziwa bima ya kuachishwa kazi, na hali hana mwajiri wa kumwachisha. Mstaafu aliuziwa vivyo hivyo. Mgonjwa wa miaka mingi aliuziwa bima ambayo masharti yake yalisema ugonjwa uliokuwepo kabla haulipiwi. Wengine waliambiwa au walifahamishwa kwa ishara kuwa bila bima mkopo hautapita, na kumbe ilikuwa hiari. Na wako ambao hawakuambiwa lolote. Kisanduku kwenye fomu kilikuwa kimeshatiwa alama kabla hawajaketi.

Kibaya zaidi ilikuwa bima ya kulipwa mara moja. Malipo yote ya bima yalijumlishwa kwenye mkopo siku ya kwanza, kwa hivyo mkopaji alilipa riba juu ya bima pia. Mfano uliobaki kwenye vitabu vya sheria ni wa Bi Susan Plevin, mjane wa miaka 59, aliyekopa mwaka 2006 kupitia dalali wa mikopo. Alikopa pauni 34,000 na juu yake akakopeshwa pauni 5,780 za bima. Mkopo ulikuwa wa miaka kumi, bima ilikuwa ya miaka mitano. Katika hizo pauni 5,780, kampuni ya bima ilipata 1,630 tu. Zilizobaki, asilimia 71.8, ziligawanywa baina ya dalali na mkopeshaji, na mama wa watu hakuambiwa. Novemba 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kumficha mkopaji kamisheni kubwa namna hiyo kulifanya uhusiano wao usiwe wa haki. Kuanzia hapo hata mtu aliyeitaka bima kwa hiari yake aliweza kudai, maadamu kamisheni ilikuwa kubwa na ilifichwa. FCA baadaye iliweka kiwango: ikizidi nusu ya malipo ya bima, ichukuliwe kuwa si haki mpaka mkopeshaji athibitishe vingine.

Haya hayakuja kwa wema wa benki. Shirika la kuwashauri raia, Citizens Advice, lilipeleka malalamiko rasmi mwaka 2005. Tume ya Ushindani ilichunguza ikatoa ripoti yake Januari 2009. Mdhibiti alipotoa kanuni za kuwafidia watu mwaka 2010, chama cha mabenki kilimpeleka mahakamani, kikashindwa Aprili 2011, na mwezi uliofuata kikaacha kukata rufaa. Ndipo milango ikafunguka. Hadi zoezi lilipofungwa, zilikuwa zimerudishwa zaidi ya pauni bilioni 38. Tarehe ya mwisho ya kulalamika ilikuwa 29 Agosti 2019.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu. Mamilioni ya watu kule hawakujua kama waliwahi kuwa na bima hiyo. Mkopo ulishalipwa, karatasi zilishatupwa wakati wa kuhama nyumba, benki yenyewe ilikuwa imenunuliwa na benki nyingine na kubadilisha jina. Mtu angelalamikia kitu gani? Kilichowafaa ni sheria ya data. Sheria ya kule ya mwaka 1998 ilimpa kila mtu haki ya kumwandikia yeyote aliyehifadhi habari zake na kusema: nipe zote ulizo nazo kunihusu. Ada ilikuwa pauni 10. Tangu 25 Mei 2018, sheria mpya ya Ulaya ilipoanza, ombi hilo ni bure na jibu linatakiwa ndani ya mwezi mmoja. Kulikuwa na njia nyingine pia, ya sheria ya mikopo ya 1974, ambayo kwa pauni moja tu yampa mwenye mkopo unaoendelea nakala ya mkataba na hesabu ya deni. Ila njia hiyo haimsaidii aliyekwisha kulipa. Ile ya data yamsaidia.

Kilichorudi katika bahasha hizo ndicho kilichowashinda mabenki. Mkataba wenye kisanduku kilichotiwa alama kwa mashine. Taarifa za akaunti zenye mstari wa bima kila mwezi. Maandishi ya afisa aliyeandika kwenye kompyuta kuwa mteja kajiajiri, na chini yake, siku hiyo hiyo, kauza bima ya kuachishwa kazi. Mkopaji hakuhitaji kukumbuka alichoambiwa miaka kumi nyuma; karatasi ya mkopeshaji ilisema yenyewe.

Palipo na fidia madalali hawakosi. Zilizuka kampuni za kudai kwa niaba ya watu, zikipiga simu mchana na usiku, zikachukua robo na hata theluthi ya pesa kwa kazi ya kujaza fomu ambayo mtu angejaza mwenyewe bure. Mwaka 2018 sheria ikawawekea ukomo wa asilimia 20 bila kodi. Nalitaja hili kwa sababu namjua dalali wetu wa hapa. Siku habari kama hizi zitakapovuma Mombasa, atakuwa wa kwanza kuweka meza.

Kwa ndugu walioko Uingereza: mlango wa kulalamika kwa benki umefungwa tangu 2019, isipokuwa kwa sababu za kipekee kabisa. Mlango wa mahakama haukufungwa wote. Novemba 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Bi Beverley Potter, ambaye zaidi ya asilimia 95 ya malipo yake ya bima ilikuwa kamisheni asiyoambiwa. Mkopo wake ulikuwa umemalizika tangu 2010, naye alikwenda mahakamani baada ya miaka sita ya kawaida kupita. Mahakama ilikubali kuwa mkopeshaji alimficha jambo, na muda ukahesabiwa tangu alipolijua. Mwenye mkopo wa zamani aanze kwa kuomba kumbukumbu, kisha aonane na wakili anayeeleza gharama zake mapema. Benki ikishinda, gharama za kesi zaweza kumrudia yeye.

(Waliofidiwa walilipwa pia riba ya asilimia 8 kwa mwaka juu ya pesa zao. Muislamu afanye nini na nyongeza hiyo, nawaachia masheikh.)

Turudi nyumbani. Kenya haijapata kuwa na zoezi la namna hiyo, wala sisemi kuwa bima za mikopo hapa ni za ulaghai. Hali yetu ni tofauti katika jambo moja kubwa. Kule bima ilikuwa hiari ikauzwa kama lazima. Hapa mkopeshaji mara nyingi husema wazi kuwa bima ni sharti la mkopo. Na bima ya hapa kazi yake ya kwanza ni kifo na ulemavu wa kudumu: mkopaji akifa, kampuni ya bima yamlipa mkopeshaji, deni laisha. Kwa familia hilo ni jambo la kheri. Baadhi huongeza na kuachishwa kazi.

Shida ya hapa iko kwingine. Bima hizi ni za kundi. Mwenye mkataba na kampuni ya bima ni benki au sacco, na wewe ni jina moja katika orodha ndefu. Hupewi cheti. Hujui kampuni ni ipi, hujui umri wa mwisho wa kukingwa ni upi, hujui ugonjwa gani haulipiwi. Unalolijua ni lile kato.

Basi katika mazingira yetu, maswali ya kuuliza ni haya. Je, nilitozwa bima ambayo haiwezi kunilipa hata siku moja? Mvuvi wa Shimoni au mama mwenye duka la leso hana barua ya kuachishwa kazi. Akitozwa kinga hiyo, ametozwa bure. Je, umri wangu siku nilipokopa ulikuwa umeshapita ukomo wa bima? Je, nilikuwa na sukari au presha, nikaulizwa, au fomu ilijazwa "hapana" na mtu mwingine? Mimi ningelichunguza sana hilo la mwisho, kwa sababu jibu la uongo kwenye fomu, hata ukiwa hukuliandika wewe, laweza kuwa sababu ya bima kukataa kulipa siku ya siku.

Kuna na lile la kuongezewa mkopo kabla wa kwanza haujaisha, ambalo walimu na wafanyakazi wa kaunti walijua vizuri. Tuseme ulikopa 400,000 kwa miaka minne na bima ya 8,000 ikakatwa yote siku ya kwanza. Baada ya miaka miwili ukaongezewa: mkopo mpya wa 500,000 ukafuta ule wa zamani, na bima mpya ya 10,000 ikakatwa. Ile ya zamani ilikuwa imebakiza miaka miwili ya kumkinga mtu ambaye hana tena deni hilo. Imekwenda wapi? Hesabu yake si lazima iwe nusu kamili, kwa kuwa deni hupungua kila mwezi na kinga nayo hupungua, na masharti ya bima ndiyo yanayosema kama kuna cha kurudishwa. Lakini huwezi kuyasoma masharti usiyopewa. Aliyeongezewa mara nne katika miaka minane ana sababu nne za kuuliza.

Na kuna upande wa pili, ambao kwangu mimi ndio mzito. Mke wa marehemu ami yangu alibaki na deni la mumewe katika taasisi moja ya hapa mjini. Vijana wake walilipa miezi saba, kwa sababu kwetu sisi deni la maiti halichezewi; mirathi haigawanywi kabla ya deni kulipwa, na kila mtu aogopa roho ya mzazi wake kuning'inia. Hakuna aliyewaambia kuwa mkopo ulikuwa na bima. Tulipokaa na makaratasi ya marehemu nikaona kato la bima kwenye taarifa ya akaunti ya mwezi aliokopa, tukaandika barua, tukapeleka na cheti cha kifo. Majibu yalichukua muda na safari nyingi, lakini bima ililipa, na zile rejesho za miezi saba zikarudi. Afisa aliyekuwa akiwapigia simu vijana kila tarehe tano kuwakumbusha alikuwa na jambo hilo kwenye kompyuta yake muda wote. Sijui kama alilificha au hakuangalia. Kwa mjane tofauti ni ndogo.

Kwa hivyo msomaji ambaye amefiwa na mtu mwenye mkopo, kabla ya kulipa shilingi moja, auliza kwa maandishi: mkopo huu ulikuwa na bima? Mdhamini wa mkopo naye ana haki ya kuuliza swali hilo kabla mshahara wake haujaanza kukatwa. Kampuni za bima huweka muda wa kuarifiwa kifo, basi msingoje arobaini ipite. Kama mkopeshaji ataka hati ya msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Kadhi ndiyo njia ya walio wengi kwetu.

Sheria ya hapa inasema nini kuhusu kumbukumbu? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika 25 Novemba mwaka huo. Kifungu cha 26 chakupa haki ya kufikia data zako zilizo mikononi mwa yeyote anayezihifadhi. Kanuni zake za mwaka 2021 zaenda mbali kuliko za Uingereza: ombi la kuziona data zako lijibiwe ndani ya siku saba, na bila malipo. Siku saba, si mwezi. Katiba nayo, ibara ya 35, yampa raia haki ya kupata habari zilizoko kwa mtu mwingine ikiwa azihitaji kulinda haki yake, na ibara ya 46 yampa mlaji haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidika kikamilifu na bidhaa na huduma.

Muda nao uuangalie. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa ya 2009 yazitaka benki kuhifadhi kumbukumbu za miamala kwa miaka isiyopungua saba. Baada ya hapo wana ruhusa ya kuzitupa. Madai ya mkataba mahakamani yana ukomo wa miaka sita, ingawa kifungu cha 26 cha sheria ya ukomo wa madai chasogeza mwanzo wa hesabu pale ambapo jambo lilifichwa kwa hila.

Barua yenyewe si kazi ya wakili. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza, zote ni lugha rasmi. Mimi huwaandikia watu hivi:

"Mimi, mwenye jina na nambari ya kitambulisho hapo juu, nilichukua mkopo katika tawi lenu mwezi na mwaka uliotajwa. Kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kanuni zake za 2021, naomba nakala za data zangu zote zinazohusu mkopo huo na mikopo mingine yote niliyopata kwenu: fomu ya maombi na barua ya ofa niliyotia saini, taarifa ya akaunti ya mkopo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, fomu yoyote ya bima yenye jina langu, pamoja na majibu ya maswali ya afya, kiasi nilichotozwa cha bima na tarehe zake, jina la kampuni ya bima na nambari ya mkataba, maandishi na simu zilizorekodiwa kati yangu na maafisa wenu, na hesabu ya kila mara nilipoongezewa mkopo. Naomba pia nakala ya masharti ya bima hiyo, na mnieleze ni kiasi gani cha malipo yangu kilibaki kwenu kama kamisheni. Nategemea majibu ndani ya siku saba."

Sentensi ya kamisheni nimeitenga makusudi. Kamisheni ya benki si data yako kwa maana ya sheria ile, na waweza kukataliwa. Iulize hata hivyo; kukataa kwao kwa maandishi ni kumbukumbu pia. Na usitaje bado kuwa wadai pesa. Barua ya kwanza ni ya kuomba makaratasi peke yake. Ukichanganya ombi na lawama, itapelekwa kwa mawakili wao na siku saba zitakuwa miezi.

Ipeleke mwenyewe tawini ukiwa na nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe. Ukiambiwa "acha tu hapo, meneja ataiona", usiache. Itume pia kwa barua pepe ya afisa wao wa ulinzi wa data, ambayo aghalabu imo kwenye ukurasa wa faragha wa tovuti yao.

Siku saba zikipita kimya, au ukapewa karatasi mbili badala ya faili zima, malalamiko huenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria yaitaka ofisi hiyo imalize uchunguzi ndani ya siku 90. Si ofisi ya mapambo: mwaka 2023 ilimtoza mkopeshaji mmoja wa simu faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kutumia vibaya majina na nambari za watu.

Makaratasi yakishapatikana, ndipo uamue unalalamikia nini na kwa nani. Kama kampuni ya bima yakataa kulipa, au malipo ya bima hayaeleweki, kuna Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Kama ni mwenendo wa benki, andikia benki kwanza, kisha Benki Kuu. Sacco zilizo na leseni ziko chini ya SASRA. Na kama kiasi hakizidi shilingi milioni moja, Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Mombasa ipo, yasikiliza bila kulazimisha wakili na yatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Mikopo midogo ya simu siisemi hapa. Huko tatizo huwa riba na vitisho zaidi kuliko bima.

Kwa Muislamu kuna swali jengine la kuuliza kabla ya kutia saini: bima hii ni takaful au ni ya kawaida? Wako wanaokwenda kwa taasisi ya kiislamu wakitarajia kila kitu ni takaful, na wako walio na mkopo wa sacco ya kazini ambao hawajapata kuuliza. Kwenye takaful kuna jambo la ziada: mkataba waweza kutoa ziada ya mfuko kwa wachangiaji. Uliza kama wako wasema hivyo. Watu wetu huona haya kudai maandishi kwa mkopeshaji, kana kwamba ni kumvunjia heshima, na hali aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqarah, ni ya kuandika deni.

Mambo mawili madogo ya mwisho. Nakala ya kitambulisho unayoambatanisha na barua, iandike kwa kalamu kuikata katikati: "kwa ombi la kumbukumbu za mkopo tu", na tarehe, isije ikatumika kufungulia akaunti usiyoijua. Na anayesita kwa kuwa mkopo wake uliisha zamani, ahesabu: uliomalizika 2019 watimiza miaka saba mwaka 2026, na faili lake laweza kutupwa bila mtu kuvunja sheria yoyote.